Bakaa

Alizihesabu dawa zake mwenyewe, Jenerali Thirkettle:
nne nyeupe, mbili za manjano, moja chungu ya usiku,
kisha akanitaka nitie sahihi.
Mimi, muuguzi wa zamu, binti wa karani wa mkonge wa Korogwe,
nikatia sahihi kila jioni, mwaka mzima,
katika daftari la jalada la kijani
pale Didcot, ambako treni nyingi hupita bila kusimama.

Usidhani alikuwa jenerali wa farasi na upanga.
Hakupata kufyatua risasi ila siku za mafunzo,
na hata hizo, alisema, alidai maganda yarudishwe stoo.
Wenzake klabuni walimwita Baba Soksi.
Naam, soksi: jozi milioni tatu, za sufu,
kabla ya theluji, si baada yake.
Mikate. Petroli. Sindano na uzi.
Viatu vya nyumbu na misumari yake,
nyumbu ambao vitabu vya vita huwasahau.
Alianza luteni wa kuhesabu marobota ya majani makavu,
akapanda cheo kwa cheo kama mtu apandaye ngazi za ghala,
taa mkononi, akichungulia kila rafu.

Kosa lake moja alinisimulia mara tisa:
majira ya baridi, mabehewa kumi na moja,
viatu vya mguu wa kushoto vitupu.
"Vya kulia vilikuwa Carlisle," alisema,
na mguu wake wa kulia ukajikunja chini ya blanketi.

Nikampa methali ya baba yangu:
mali bila daftari, hupotea bila habari.
Akaniomba niirudie, herufi kwa herufi,
akaiandika ukingoni mwa hesabu ya vidonge,
akaipigia mstari mara mbili, kwa rula.

Mwezi wa Mei alinituma bandani
nikalete vijiti vya kutambazia maharage.
Vya msonobari, vimechongwa sawasawa,
kila kimoja kina pengo dogo karibu na ncha,
kana kwamba kilikuwa kikingoja mwenzake akilalie.
Nikauliza, kwa kuwa mie ni wa kuuliza.

Alikaa kimya hata chai ikafanya utando.
Kisha:
"Misalaba, Sista Mwanakombo.
Iliagizwa miezi mitatu kabla ya vijana kuvuka bahari.
Lazima mtu aketi mezani, mwezi wa Machi,
jua linawaka, wanacheza mpira nje ya dirisha lake,
akadirie.
Idadi ya mikate, idadi ya bendeji, idadi ya hiyo.
Niliandika elfu tisa.
Nikabandika karatasi ya kukaushia wino.
Nikaenda kula.

Vita vilipokwisha karani akaleta bakaa:
elfu mbili na arobaini na sita haikutumika.
Maisha yangu yote nimeadhibu watu kwa bakaa.
Ziada ni makisio mabaya,
ni behewa walilonyimwa wenye haja nalo.
Siku ile nilifunga mlango, nikaisoma ile namba kwa sauti,
nikaisoma tena,
kama mtu asomaye majina."

Vijiti arobaini alivinunua, kwa bei ya kuni.
Stakabadhi anayo.

Hakulia. Nisimsingizie.
Aliniuliza tu kama nimefunga kamba mara mbili,
maana upepo wa Didcot hauna adabu.

Nikafunga. Maharage yakapanda, yakachanua mekundu,
yakaficha mapengo yote.
"Akiba haiozi," nilimwambia, tumesimama dirishani.
"Mbao huoza," akajibu, "tena chini, usipopaona.
Zihesabu ifikapo Septemba."

Alikufa Agosti, siku ya Jumanne, kabla ya dawa za jioni.

Nilizihesabu.
Thelathini na nane nzima, mbili zimevunjika.
Nikatia sahihi yangu,
na pale pa sahihi yake
nikapaacha wazi.